Mishipa ya Damu na Ugonjwa wa Kusahau

Somo letu safari hii ni habari ya wazee wetu wanaopoteza kumbukumbu.

Hatuzungumzi habari ya mtu kusahau alipoweka jembe, halafu jioni akakumbuka. Hilo ni letu sote, hata vijana. Tunazungumza habari ya mzee anayepotea katika njia ya kisimani aliyoipita miaka hamsini. Amekwisha kula, lakini anamlaumu mkwewe kwamba anamnyima chakula. Mjukuu anaitwa kwa jina la mtu aliyekufa zamani. Usiku anafungua mlango, anasema anakwenda kwao, na huku yuko kwao.

Watu husemaje wakiona hivyo? Swali hili tumeliuliza katika madarasa ya Kwaluguru na vijiji vya jirani, upande wa Handeni na upande wa Korogwe. Wengi husema, "Ni uzee tu." Wengine husema, "Amerogwa huyo." Na wako wanaosema kwa sauti ya chini, "Yeye mwenyewe ndiye mchawi. Mbona anatembea usiku?" Neno hili la mwisho ni la hatari. Katika nchi yetu wako wazee, hasa wanawake, waliofukuzwa na hata kuuawa kwa maneno ya namna hii.

Sisi tunaleta jibu jingine. Mzee huyo ni mgonjwa, na mara nyingi sehemu kubwa ya ugonjwa wake iko katika mishipa ya damu.

UBONGO HAUNA GHALA

Watu wa Handeni hawahitaji kufundishwa shida ya bomba la maji. Wengi wanaujua mradi wa HTM uliojengwa miaka ya 1970. Maji yalichotwa Mto Pangani upande wa Korogwe, yakasukumwa kwa mashine kwenda Handeni. Bomba kubwa likipasuka kila mtu anajua, maana mji mzima unashika ndoo. Lakini kuna shida nyingine isiyo na kelele. Mashine inasukuma, bomba kubwa ni zima, ila vibomba vidogo vya mitaani vimeingia kutu na tope. Mtaa huu unapata maji, mtaa ule unapata matone. Hakuna aliyesikia kishindo. Siku moja mnashtukia bustani ya mchicha imenyauka.

Sasa shika kichwa chako kwa mikono miwili. Humo ndani kuna ubongo. Uzito wake ni kama kilo moja na robo hivi, au zaidi kidogo. Ukilinganisha na mwili mzima ni kitu kidogo sana, sehemu mbili tu katika mia. Lakini ubongo ni mlaji mkubwa. Hewa safi inayochukuliwa na damu, ile inayoitwa oksijeni, ubongo peke yake unatumia karibu moja ya tano. Na tena ubongo hauna ghala wala kihenge. Tumbo linaweza kungoja mpaka jioni. Ubongo hauwezi kungoja. Damu ikikatika dakika chache tu, chembe za ubongo zinaanza kufa, na zikifa hazioti tena kama majani ya mvua.

Damu inapanda kichwani kwa mishipa mikubwa minne. Miwili inapita mbele ya shingo, huku na huku. Ukibonyeza taratibu chini ya taya utasikia mmoja unapiga. Miwili mingine inapita nyuma, karibu na uti wa mgongo. Ikifika juu inagawanyika, inagawanyika tena, mpaka inakuwa myembamba kuliko unywele. Hivyo ndivyo vibomba vya mitaani. Kumbukumbu, hesabu, majina ya watu, njia ya kisimani, vyote vinaishi katika mitaa hiyo.

Ni kitu gani kinachoharibu mishipa? Viko vingi: kisukari, tumbaku, mafuta yanayoganda katika damu. Lakini mkubwa wao ni presha, yaani damu kusukumwa kwa nguvu kupita kiasi. Mpira wa kumwagilia ukisukumiwa maji kwa nguvu kila siku, mwaka hata mwaka, unakakamaa na kupata nyufa. Mishipa nayo huwa hivyo. Kuta zake zinakuwa nene na ngumu, njia ya damu inakuwa nyembamba. Mahali pengine panaziba, pengine panapasuka.

Mshipa mkubwa ukiziba au ukipasuka tunaona. Mtu anaanguka, upande mmoja unapooza, mdomo unakwenda upande. Hicho ni kiharusi. Mshipa mdogo ukiziba huenda mtu asijue hata kidogo. Anaamka, anakwenda shambani, anarudi. Ila ndani ya ubongo pamebaki kitobo, labda kama punje ya mtama. Mwaka unaofuata kinaongezeka kingine. Vitobo vikiwa vingi, au kimoja kikikaa mahali pabaya, akili inaanza kupungua.

Huu ndio ugonjwa wa kusahau unaotokana na mishipa ya damu. Mara nyingi unakwenda kwa hatua, kama mtu anayeteremka ngazi. Anakaa vizuri miezi kadhaa, ghafula anashuka kidato. Anakaa hapo, halafu anashuka tena. Fikra zake zinakuwa nzito. Kazi aliyoifanya bila kufikiri, kama kugawa mbegu au kuhesabu fedha za mauzo ya mahindi, inamshinda katikati.

DAKTARI ALZHEIMER ALIONA NINI

Ugonjwa wa kusahau unaojulikana zaidi duniani ni mwingine, nao unaitwa Alzheimer. Jina ni gumu kidogo, tulisome pamoja: Alz-hai-ma. Ni jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, aliletewa mama wa miaka 51 tu. Mama huyo alikuwa amesahau mambo mengi na alikuwa akimtilia mumewe mashaka bila sababu. Alipofariki mwaka 1906, daktari alichukua vipande vya ubongo wake akavitazama kwa hadubini, yaani chombo cha vioo cha kukuza vitu vidogo sana. Akakuta mabonge ya taka kati ya chembe za ubongo, na ndani ya chembe zenyewe nyuzi zilizosokotana kama katani iliyoharibika. Wenzetu mliofanya kazi katika mashamba ya mkonge mtaelewa vizuri mfano huo.

Ugonjwa wa Alzheimer hauendi kwa ngazi. Unateremka polepole, kama mtu anayeshuka mlima mrefu. Unaanza kwa kusahau mambo ya jana na juzi, huku ya zamani yakikumbukwa.

Basi kwa miaka mingi madaktari walifundisha hivi: ugonjwa wa mishipa ni huu, na Alzheimer ni ule, kila mmoja na nyumba yake. Lakini katika maandishi yake ya mwaka 1907 Alzheimer mwenyewe alitaja jambo ambalo halikutiliwa maanani sana: mishipa mikubwa ya ubongo wa mama yule nayo ilikuwa imekakamaa. Tangu mgonjwa wa kwanza mishipa ilikuwamo katika habari hii.

Jambo hili lilionekana wazi zaidi Marekani. Huko masista Wakatoliki wa shirika moja la walimu walikubali kupimwa akili kila baada ya muda, na wakakubali wakifa ubongo wao uchunguzwe. Mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo anaitwa David Snowdon. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa habari za masista 102 waliokwisha fariki. Kati yao, 61 walikuwa na taka na nyuzi za Alzheimer za kutosha katika ubongo. Ungesema wote 61 walikuwa wamepoteza akili kabla ya kufa. Hapana. Wako waliokufa wakiwa na akili zao nzuri, wakijua majina na siku. Lakini wale ambao juu ya taka hizo walikuwa pia na vitobo vya mishipa iliyoziba, hao waliopoteza akili walikuwa wengi zaidi sana. Kitobo kimoja au viwili tu, mahali pabaya, vilitosha kuleta tofauti.

Punda anaweza kubeba gunia moja akafika sokoni. Mwongeze la pili, anapiga magoti njiani. Alzheimer ni gunia moja, mishipa mibovu ni gunia la pili. Wazee wengi wenye ugonjwa wa kusahau wamebeba yote mawili. Gunia la Alzheimer bado hatujui kulitua. Hili la mishipa tunaweza kulipunguza, na kazi hiyo inaanza mapema, mtu akiwa bado na nguvu zake.

Tena siyo kwamba magunia haya yamekaa mbalimbali. Zile taka za Alzheimer ni aina ya protini ambayo ubongo hutengeneza kila siku, na kila siku inatakiwa kutolewa nje. Moja ya njia za kutolea ni hiyo hiyo mishipa ya damu. Mshipa mzuri unapiga, unanyanyuka na kushuka, na taka zinasogea. Mshipa uliokakamaa haunyanyuki vizuri, taka zinabaki. Nyingine zinaganda kwenye kuta za mishipa yenyewe na kuidhoofisha. Wataalamu bado wanabishana ni kipi kinachotangulia. Ubishi wao tuwaachie. Sisi wa kijijini inatutosha kujua kwamba wawili hawa wanasaidiana katika ubaya.

HABARI KUTOKA HAI

Msomaji mmoja atasema, "Hayo ni ya Wazungu. Sisi tunalima, tunatembea kwa miguu, tunakula ugali na mboga." Twende Kilimanjaro, wilaya ya Hai, ambako watu wanalima na kutembea kama sisi.

Kati ya mwaka 2009 na 2010, wataalamu wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji sita vya Hai. Waliwapima akili wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Walitumia maswali yanayomfaa hata asiyejua kusoma. Wazee 78 walikutwa na ugonjwa wa kusahau. Kati ya hao 78, wenye Alzheimer walikuwa 38, na wenye ugonjwa wa mishipa ya damu walikuwa 32. Tazameni hesabu hiyo: mishipa peke yake inakaribia nusu.

Wakapima na presha. Katika wazee wa Hai, karibu saba kati ya kila kumi walikuwa na presha ya juu. Wengi wao hawakujua. Na katika waliojua, waliokuwa wakimeza dawa mpaka presha ikashuka inavyotakiwa walikuwa wachache mno.

Halafu watafiti waliwauliza watu wa huko wanauonaje ugonjwa huu. Majibu yalifanana sana na yale ya madarasa yetu. Wengi walisema ni mambo ya uzee, wengine wakataja laana na uchawi. Kwa hiyo hawakuona sababu ya kwenda hospitali.

Hatushangai. Mwaka 1973 wazazi wetu walikaa katika vikundi kusikiliza redio, kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza habari za malaria, kichocho na kuhara, wakachimba vyoo. Matunda yake ni haya: watu wengi zaidi wanafika miaka sabini na themanini. Magonjwa ya uzeeni yamekuja nyuma yao, na hayo redio ya 1973 haikuyafundisha.

MAMA MKUBWA

Tuchukue mfano. Mtu huyu ni wa kutunga, lakini tunadhani mtamtambua. Tumwite Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ana miaka 64. Wakati wa kupalilia, asubuhi moja, jembe lilimponyoka. Mkono wa kulia ukawa hauna nguvu, mdomo ukaenda upande kidogo, maneno yakawa hayaeleweki. Watoto wakamlaza kivulini. Baada ya saa moja hivi akasimama, akacheka, akasema, "Ni jua tu hili." Jirani akasema ni upepo mbaya. Wakampaka mafuta, wakaendelea na kazi.

Mwaka uliofuata alianza kusimama katikati ya jikoni asijue amefuata nini. Chumvi akatia mara mbili. Aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama sasa hesabu zikamshinda, wenzake wakanong'ona kwamba anaiba. Halafu akaanza kutoka usiku. Mkwewe akaacha kumwachia mtoto. Kijana wake wa Dar es Salaam akatuma fedha apelekwe kwa mganga wa kienyeji. Fedha zikaisha.

Tangu siku jembe lilipoponyoka hakuna hata mtu mmoja aliyempima presha.

Saa ile moja shambani ilikuwa onyo. Mshipa uliziba kidogo ukafunguka. Wengi wanaopata onyo la namna hiyo wasipotibiwa, kiharusi chenyewe kinakuja nyuma, na mara nyingine kinakuja upesi sana. Kwa hiyo tukariri dalili tatu: uso kwenda upande, mkono mmoja kulegea, maneno kuvurugika. Hata moja ikitokea ghafula, hata ikipita, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Pikipiki ikipatikana akae katikati na mtu wa kumshika. Asipewe chakula wala maji njiani, maana koo huenda limelegea akapaliwa.

KUSOMA PRESHA NI KAZI YA MWENYE KUJUA NAMBA

Ninyi mnaojua kusoma namba mna faida hapa. Presha huandikwa kwa namba mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika. Mtu akiandikiwa 120/80 ni vizuri. Akifika 140/90 au zaidi, tena siku mbili au tatu mbalimbali akiwa ametulia, huyo ana presha ya juu. Mtu mmoja kati ya namba hizo mbili ikizidi, inatosha kuhesabiwa.

Katika darasa moja mzee mmoja alitupinga.

"Mwalimu, mimi presha yangu naijua. Ikipanda naisikia kisogoni."

Tukamwambia, "Shikamoo babu, twende basi siku ya kliniki tukapime, tuone kama kisogo kinasema kweli."

Siku hiyo alikuwa mzima kabisa, anatutania njia nzima. Mashine ikaonyesha 178 juu, 102 chini. Akaiangalia ile namba kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe kisogo ni mwongo."

Ndivyo ilivyo. Presha ya juu kwa kawaida haiumi. Anayengoja maumivu atangoja mpaka mshipa uzibe. Mtu akifika miaka arobaini apimwe angalau mara moja kwa mwaka, hata kama analima ekari tatu na kuimba. Tena umri huo wa katikati ndio wenye maana zaidi kwa habari ya kusahau. Mishipa ya mzee wa miaka 75 imeharibiwa na presha ya miaka 50 na 60.

Dawa za presha ni za kila siku. Kuna tabia moja tunaiona sana: mtu anameza wiki mbili, anapimwa, presha imeshuka, anaacha. Imeshuka kwa sababu ya dawa! Ukiondoa nguzo, paa linarudi chini. Na dawa ya jirani usiazime, ya kwake siyo yako. Mzee akiona kizunguzungu anaposimama, asiache dawa kimyakimya. Aende aseme, apunguziwe au abadilishiwe, kwa sababu presha ya kushuka mno nayo inaunyima ubongo damu.

Tunajua upande wa pili wa jambo hili. Mtu anatembea saa mbili kwenda zahanati, anaambiwa dawa zimekwisha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba wazee wasiojiweza watibiwe bila malipo, lakini matibabu ya bure bila dawa kwenye kabati ni maneno. Hilo ni la kuuliza kwenye mkutano wa kijiji na kwa kamati ya zahanati, kwa adabu, na kuuliza tena.

Je, kazi hii inawezekana kijijini bila daktari mkubwa? Inawezekana. Katika vijiji 326 vya China watu wapatao 34,000 wenye presha ya juu, kuanzia miaka 40, waliingizwa katika utafiti. Nusu ya vijiji waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Nusu nyingine walihudumiwa na waganga wa vijijini wasio madaktari kamili, waliofundishwa kupima, kutoa dawa kwa kufuata mwongozo, na kumfuatilia mtu nyumbani. Baada ya miaka minne, katika vijiji vilivyofuatiliwa hivyo, hatari ya ugonjwa wa kusahau ilikuwa pungufu kwa asilimia 15. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2025. Asilimia 15 siyo muujiza. Lakini kati ya wazee mia ambao wangepotea njia ya kisimani, kumi na tano hawakupotea.

Mengine tutayapitia upesi kwa sababu mmekwisha yasikia. Chumvi kwa siku nzima isizidi kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa, na humo hesabu ile iliyomo katika samaki wa chumvi. Tumbaku acha, ya kuvuta na ya ugoro. Pombe punguza. Mwenye kisukari afuate dawa. Kuna na masikio: mzee asiyesikia anajitenga na mazungumzo, na ubongo usiozungumza unachakaa. Wataalamu walioandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huu. Presha imo, kutosikia kumo, na kukosa elimu kumo. Mtu aliyezoeza ubongo wake kusoma anakuwa na akiba. Kwa hiyo gazeti hili ukimaliza usilifungie sukari kabla ya kumsomea jirani.

ALIYEKWISHA KUUGUA

Hakuna dawa ya kurudisha akili iliyopotea kwa magonjwa haya. Anayekuuzia dawa hiyo, awe na koti jeupe au na kibuyu, anataka fedha zako. Lakini presha ya mgonjwa ikitunzwa, kushuka ngazi kunaweza kucheleweshwa.

Kwanza hakikisheni ni ugonjwa huu. Mzee aliyebadilika kwa siku moja au mbili, jana alikuwa mzima na leo anaweweseka, huenda ana malaria, homa ya mapafu, ugonjwa wa njia ya mkojo, au amekauka maji mwilini. Hayo yanatibika, naye anarudi. Mpelekeni upesi.

Aliye na ugonjwa wa kusahau hasa, msibishane naye. Akisema mama yake anamngoja, na mama alikufa miaka arobaini iliyopita, ukimwambia "alikufa" anapata msiba upya. Mwambie, "Tupumzike kwanza, Mama, tunywe uji." Kazi ndogo anayoiweza aachiwe: kupukuchua mahindi, kuchambua mbaazi. Moto wa mafiga na kisima wazi viangaliwe. Kumfunga kamba ni ukatili na kunamzidishia hofu. Afadhali komeo la mlango liwekwe juu asipolizoea, na majirani waambiwe wazi: "Mama ni mgonjwa wa ubongo. Mkimwona njiani usiku mrudisheni taratibu." Maneno hayo yakisemwa mapema mbele ya mjumbe na majirani, yale manong'ono ya uchawi yanakosa mahali pa kuanzia.

Na anayemuuguza apumzishwe. Kwetu mzigo huu unaangukia mkwe au binti mmoja, wengine wanakuja kutoa lawama na kuondoka. Kijana wa Dar es Salaam anayetuma fedha za mganga angefaa zaidi kutuma nauli ya ndugu wa kumpokea dada yake wiki mbili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu mwenye presha ya juu anaweza kulima siku nzima bila kusikia maumivu?

2. Siku jembe lilipomponyoka Mama Mkubwa, ninyi mngefanya nini? Kutoka kijijini kwenu hadi hospitali ni saa ngapi, na nani ana pikipiki?

3. Masista wa Marekani wanatufundisha nini kuhusu mtu mwenye taka za Alzheimer katika ubongo lakini mishipa yake ni mizuri?

4. Kila mwanakikundi mwenye miaka arobaini na zaidi apimwe presha kabla ya kikao kijacho, aandike mwenyewe namba zake mbili na tarehe katika daftari, aje nazo.